Kamera Ambayo Haijawahi Kuanguka

Mezani, jikoni kwangu
Jumatano, baada ya kuosha vyombo

Kwa Mkuu wa Soko la Mtandaoni la Vitu Vilivyotumika,
popote ulipokaa

Mheshimiwa Mkuu wa Soko, mwanangu,

Kama umenizidi umri, shikamoo. Kama hujanizidi, marahaba, maana naamini ulikuwa karibu kunisalimia. Sijui kama wewe ni mwanamume au mwanamke, wala sijui kama leo umekula. Nimekutafuta kwenye simu siku mbili. Nilikuta mahali pameandikwa "Tupo kwa ajili yako", nikabonyeza, nikapelekwa mahali pengine pameandikwa "Je, jibu hili limekusaidia?" Halikunisaidia, kwa sababu nilikuwa bado sijauliza. Ndiyo maana nimeshika kalamu.

Mimi ni mke wa mpiga picha. Darasani sikukaa hata siku moja. Herufi nilifundishwa na mume wangu juu ya bahasha za picha: yeye alipiga, akaosha, akakausha, mimi nikatia picha kwenye bahasha na kuandika juu jina la mteja. Nimeandika bahasha miaka thelathini na nane, kwa hiyo mwandiko wangu huenda ukawa mzuri kuliko wako. Ukiona herufi K zangu zina mkia mrefu unaoshuka hadi mstari wa chini, usizicheke. Siku Mzee aliponifundisha K alipiga chafya, mkono ukamteleza, nami nikajua ndivyo inavyoandikwa. Alipokuja kunirekebisha nilikuwa nimeshaizoea, na mimi nikishazoea kitu sikiachi. Muulize yeye.

Sasa nikueleze shida, ili usione nalalamika kwa kukosa kazi.

Mzee wangu macho yameingia ukungu. Anaketi dirishani na kuniuliza mwanga umefika wapi ukutani, namwambia umefika kwenye kalenda, anaitikia kwa kichwa kama mtu aliyesomewa barua nzuri. Kazi yake ameirithi mjukuu wetu, binti wa binti yangu, na studio ni chumba chetu cha mbele. Watu wananiambia siku hizi simu zinapiga picha. Ni kweli zinapiga. Hata hii yangu imeshapiga picha mia tatu za ndani ya mfuko wa aproni. Lakini mjukuu wangu anapiga picha za mkanda, zile za kuoshwa kwenye maji gizani, na watu wameanza kuzitaka tena.

Wodi ya wazazi imempa kazi yake ya kwanza kubwa. Jumamosi hii mkunga mkuu anastaafu, na wenzake wanataka picha ya pamoja, ya mkanda, itundikwe ukutani karibu na ile Mzee aliyompiga mkunga huyo alipokuwa bado anajifunza kazi. Mkunga huyo ndiye aliyempokea mjukuu wangu duniani na kumchapa kofi lake la kwanza. Basi wiki tano zilizopita kamera ya mjukuu ikafa. Fundi akaifungua, akaitazama, akaifunga, akamuuliza kama ana kazi nyingine. Mjukuu akaniambia: Jumamosi ikipita bila kamera, Bibi, nafunga studio, nakwenda kuuza vigae dukani kwa shangazi.

Mheshimiwa, mimi sina ugomvi na vigae. Navikanyaga kila siku. Lakini mtoto aliyejifunza kutembea huku ameshikilia miguu mitatu ya stendi ya kamera hawezi kumalizia ujana wake akisema hivi vya bafuni, hivi vya sebuleni. Nikamwambia, wewe paka rangi chumba chako cha giza, kamera nitaitafuta mimi. Nimeishi na kamera kuliko nilivyoishi na mama yangu. Ndipo nikaingia sokoni kwako kwa miguu yangu miwili, na malalamiko yangu ni haya.

LALAMIKO LA KWANZA. Soko lako halina harufu.

Kifaa cha picha kilichotumika kwanza kinanuswa. Lenzi yenye kuvu inanuka kabati lililofungiwa nguo mbichi, na hata uipanguse namna gani ile harufu inabaki. Mzee alikuwa ananiita kutoka jikoni ninuse kabla hajanunua. Sokoni kwako nimemkuta mtu anajiita Lenzi Safi. Ameweka picha ya lenzi inang'aa kama jicho la mtoto aliyetoka kuoga. Nikanusa simu, nikasikia harufu ya vitunguu, ambayo ilikuwa yangu mwenyewe. Nikanunua. Lenzi ilipofika, nilifungua boksi nikiwa bado mlangoni na mleta mizigo hajageuza pikipiki, nikaijua. Ndani mlikuwa na kuvu imetandaza mizizi kama ramani ya mito. Nilipomwandikia Lenzi Safi, alijibu kwamba yeye anaitwa Lenzi Safi, hakusema lenzi ni safi. Nilikaa chini kidogo baada ya jibu hilo.

LALAMIKO LA PILI. Kuna kidole gumba kinazurura sokoni kwako.

Nimekiona kwenye matangazo manne ya wauzaji wanne wenye majina tofauti. Kila kamera imeshikwa na kidole hichohicho, kina ukucha mweusi, nadhani kilibanwa na mlango. Wa kwanza anasema anaishi mbali sana na wa pili, wa tatu anasema ni mwanamke, wa nne anasema anauza kwa sababu anahama nchi. Kidole hakijahama. Nilinunua kwa mmoja wao, anayejiita Kama Mpya, kwa kuwa mjukuu alinihimiza, siku zinakwisha. Kamera ilikuja haina mlango wa nyuma. Mheshimiwa, kamera ya mkanda isiyo na mlango wa nyuma ni sawa na chungu kisicho na kitako. Kama Mpya akaniandikia: "Hukuuliza kama ina mlango."

Ni kweli sikuuliza. Tangu hapo nauliza. Muuzaji aliyefuata nilimwandikia maswali arobaini na moja: ina mlango, ina sehemu ya ndani, ina sehemu ya nje, je, ni kamera, je, ipo, je, wewe upo. Alinifungia nisimwandikie tena. Naomba umwambie sikumkasirikia, nilitaka tu kujua.

LALAMIKO LA TATU. Huyu nashindwa hata kumlalamikia vizuri.

Alijiita Fundi Jicho. Nikalipia kamera na flashi yake. Boksi likaja zito, limefungwa kwa utepe wa gundi mizunguko saba, nikasema huyu ni mtu wa heshima, anafunga mzigo kama anamfunga kitovu mtoto wake. Ndani mlikuwa na mashine ya kusagia nyama. Ya chuma, ya mkono, na kisu chake, na hata skrubu ya kuibana mezani. Mheshimiwa, mashine ile ni nzuri. Katika vitu vyote nilivyonunua sokoni kwako ndicho pekee kilichofanya kazi siku kilipofika. Nilimpa nyota tano kwa mashine, nikakumbuka kamera nikamnyang'anya nne, jioni tukala nyama laini ambayo Mzee aliitafuna bila kulalamikia meno, nikamrudishia mbili. Nyota tatu si haba. Lakini wakunga kumi na wawili siwezi kuwapiga picha kwa mashine ya kusagia nyama.

LALAMIKO LA NNE. Hili naomba ulisome umekaa.

Kijana mmoja alinipokea vizuri sana. Akaniita Bibi yangu, akasema kamera ipo, ataituma Jumatatu. Jumatatu akaniandikia kwamba bibi yake amefariki. Nikalia, Mheshimiwa, nilikuwa nachambua mboga nikaziacha. Nikamtumia pole ndefu. Wiki iliyofuata nikauliza kwa upole, akaniambia bibi yake amefariki. Nikadhani ni yule wa upande wa pili, nikatuma pole nyingine, fupi kidogo. Wiki ya tatu akafariki tena. Hapo nikasimama. Sisi mabibi hatufi ovyo namna hiyo. Bibi ana vitu vya kumaliza kwanza: ana sweta hajalifuma mikono, ana mtu hajamwambia ukweli. Mtu hawezi kumwua bibi yake mara tatu ndani ya mwezi mmoja kwa ajili ya kamera na soko likanyamaza.

Nikampigia simu, nikamwambia nataka kuzungumza na marehemu. Nilisema kwa hasira tu. Lakini kijana alikuwa ameiacha simu mezani, na aliyepokea alikuwa marehemu mwenyewe, akiwa anatafuna kitu. Nikamweleza kwamba amekufa mara tatu. Akameza, akaniuliza alikufa kwa ugonjwa gani. Nikamwambia mara ya kwanza moyo, mara ya pili hakusema, mara ya tatu ngazi. Akasema ngazi amezikataa tangu mwaka juzi, kwa hiyo huo ni uongo mtupu. Tuliongea saa nzima na nusu. Amelea wajukuu sita, ana goti la kushoto kama langu, na anajua dawa ya kuondoa madoa ya chai kwenye vikombe vyeupe. Kufika jioni, pesa yangu ilikuwa imerudi, na yule kijana ameniandikia msamaha ulionyooka kiasi kwamba nilijua kuna mtu amesimama nyuma ya kiti chake. Tangu siku hiyo mimi na Marehemu tunapigiana kila asubuhi. Ndivyo ninavyomwita, naye anaitika.

Nilijifunza jambo hapo, na nitalirudia kwenye maombi yangu chini.

LALAMIKO LA TANO, ambalo ndilo hasa lililonifanya ninunue karatasi.

Zimebaki siku chache, nikamwona mmoja anajiita Mkweli Daima. Mtu anayejiita hivyo ningemkimbia, lakini kamera yake ilikuwa aina ileile aliyoanza nayo Mzee, na tangazo lake lilisema mambo mawili tu: "Haijawahi kuanguka. Imetunzwa na mwanamke mmoja mwangalifu." Nikampigia, nikamwambia aiweke kamera karibu na simu, avute mkanda, abonyeze. Usishangae. Kitanda changu kimekaa nyuma ya ukuta wa studio tangu nilipoolewa. Sauti ya kamera nzima naijua na ya kamera mgonjwa naijua, kama unavyojua kikohozi cha mtu wa nyumbani. Akabonyeza. Ikalia cha-klak. Nikacheka peke yangu jikoni bila sababu, nikasema hii hii, ilete.

Imefika jana. Nje imevishwa ngozi mpya ya kijani, kama kiti cha daktari wa meno. Mjukuu akatia mkanda. Picha ya kwanza, cha-klak. Ya pili, cha-klak. Ya tatu, ule mkono wa kuvutia mkanda ukagoma, kabisa, kama punda. Akaifungua, akarudia. Moja, mbili, tatu, imegoma. Nikaichukua, nikaipapasa juu ya ile ngozi ya kijani kwa kidole, na kwenye kona ya chini kushoto nikakuta bonde la ukubwa wa punje ya hindi. Mheshimiwa, ile kamera imeanguka. Imeanguka chini, sakafu ngumu, kutoka juu ya kifua cha mtu. Mjukuu alikwenda akaosha brashi zake za rangi, akazipanga, na leo asubuhi nimemsikia anampigia shangazi yake wa vigae.

Nilimwandikia Mkweli Daima maneno ambayo siwezi kuyarudia mbele ya kiongozi. Akajibu hivi, nanakili: "Bibi, nisamehe kama ina shida, nitaipokea. Lakini maneno ya tangazo si yangu. Niliyakuta kwenye kadi ndani ya mkoba wa kamera, nikayanakili, nikairudisha kadi chini ya bitana ilipokuwa. Angalia." Unaona ujanja huo? Eti niangalie. Yaani nidanganywe, halafu nianze kupekua bitana ya mkoba kama natafuta chawa kwenye nguo za mtu. Sijaangalia, na sitaangalia. Mimi nina heshima zangu.

Baada ya malalamiko hayo, Mheshimiwa, naomba yafuatayo, na naomba kwa adabu:

(a) Utafute mafundi wa kutuma harufu. Kama wameweza kutuma sauti na picha, harufu ni uvivu tu.

(b) Kila muuzaji asajiliwe pamoja na bibi yake. Picha yoyote ya kitu kinachouzwa, bibi awe amekishika, na namba ya simu ya bibi iwekwe chini ya tangazo. Asiye na bibi aazimwe. Mimi na Marehemu tuko tayari kuwa mabibi wa watu kumi kumi kwa kuanzia. Mtu anaweza kumdanganya mteja, polisi na hata mke wake. Lakini umwambie bibi yako akae na lenzi yenye kuvu mapajani apigwe picha, uone kama hatakuuliza hii ni nini.

(c) Pawe na baraza la mabibi la kusikiliza kesi. Likae jikoni kwangu kila Alhamisi asubuhi. Mshtakiwa aje na viatu vyake mkononi. Hakuna wakili.

(d) Mwenye kidole gumba akamatwe, ukucha utibiwe, kisha aulizwe.

(e) Na hili ndilo kubwa. Hawa wauzaji wadogo wananakiliana maneno. Nataka umtafute yule wa kwanza. Yule aliyekaa chini kwa mara ya kwanza, akashika kalamu, akaandika "haijawahi kuanguka" juu ya kitu kilichoanguka, huku anajua. Huyo ndiye mama wa uongo wote uliojaa sokoni kwako. Akipatikana, aletwe mlangoni pa studio yetu, avikwe kamera ile shingoni, na kila mteja anayeingia amwambie kwa mdomo wake, "Mimi ndiye niliyeiangusha." Asimame, asikae. Amchemshie mpiga picha chai mwezi mzima. Asisamehewe kwa sababu ya umri, hata akiwa na miaka themanini. Wala kwa sababu ya machozi. Wala kwa sababu ya magoti, maana wote tuna magoti.

Ukitimiza haya nitakuombea dua na nitakutumia nyama iliyosagwa. Usipotimiza nitakuja ofisini kwako na Marehemu, na sisi tukikaa mahali hatuondoki mpaka tuishiwe na habari.

Wasalimie wa nyumbani kwako wote, wakubwa kwa wadogo, na wale wanaofagia ofisi yako usiwaruke. Msalimie anayeandika yale majibu yasiyosaidia, mwambie apumzike. Mzee wangu anakusalimu kutoka dirishani. Hajui naandika nini, amesema tu "na mimi msalimie". Marehemu anakusalimu. Mashine ya nyama ni nzima.

Ni mimi niliyekasirika, lakini nakutakia mema,

Mke wa Mpiga Picha

NYONGEZA. Alhamisi, kabla ya saa sita.

Mheshimiwa, barua hii nilikuwa nimeshaifunga. Nimeifungua kwa mvuke wa birika, na nusu ya gundi imenishika vidoleni. Kaa tena.

Jana jioni mjukuu alikuwa anaifunga kamera ili airudishe. Akaniambia, Bibi, tuangalie basi hiyo bitana, tusimwonee mtu wa watu. Nikamwambia aangalie yeye, mimi nina heshima zangu. Akaingiza vidole viwili, akatoa kadi ya manjano, akaisogeza kwenye taa, akanipa. Nikasoma: Kamera nzima. Haijawahi kuanguka. Imetunzwa na mwanamke mmoja mwangalifu.

K ya kamera ilikuwa na mkia mrefu hadi mstari wa chini. Ya kuanguka pia.

Hapa duniani, Mheshimiwa, chafya ile ilipigwa mara moja tu.

Nitakwambia, kwa kuwa sijawahi kumwambia mtu, na wewe sikujui. Mwaka ule wa kwanza wa ndoa nilikuwa naona Mzee anapiga picha mji mzima, na yeye mwenyewe hana hata moja. Mchana mmoja akasinzia kwenye kiti baada ya kula. Nikaitoa kamera kwenye msumari, nikaielekeza kwake kama nilivyokuwa namwona akifanya, nikabonyeza. Sikutegemea ingepiga kelele vile karibu na uso. Ikaniponyoka. Nikaiokota, nikaifuta kwa kanga, nikaitundika, nikaenda kuosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa. Baada ya wiki mbili ikaanza kugoma kwenye picha ya tatu. Mzee hakuuliza. Aliponunua nyingine akaamua kuiuza ile, akanikalisha na kadi mpya, akanisomea maneno ya kuandika. Akasema andika: haijawahi kuanguka. Nikaandika. Mkono haukutetemeka hata kidogo, ndicho kinachonitisha leo. Akasema andika: imetunzwa na mwanamke mmoja mwangalifu. Nikaona ananisifu.

Kwa hiyo yule mama wa uongo niliyekuomba umtafute usimtafute. Yupo jikoni, anaandika.

Leo asubuhi nilikwenda dirishani, nikachuchumaa kwa magoti haya, nikamwambia Mzee yote, na yale ya vyombo pia. Alisikiliza ameelekeza uso kwenye mwanga. Halafu alianza kucheka, polepole, mabega kwanza, mpaka kofia ikadondoka. Akasema, "Nilijua tangu wiki ileile. Mkanda si niliuosha mimi?"

Nikabaki nimechuchumaa. Akasema yeye mwenyewe alimweleza mnunuzi kila kitu kwa mdomo, kuanguka na kugoma, na dawa yake akampa. Akasema, "Kadi ile ilikuwa ya kukutuliza wewe. Ulikuwa hulali."

Kisha akamtuma mjukuu chini ya kitanda, kwenye debe la skrubu, alete bahasha iliyo chini kabisa. Mheshimiwa, nimeandika bahasha za studio ile miaka yote, na hii sikuwahi kuiona. Ndani mna picha moja. Ni miguu miwili ya mwanamume imenyooshwa kutoka kwenye kiti, soksi moja ina tundu kwenye kidole, na juu kipande kikubwa cha dari. Imekaa upande. Uso haumo hata kidogo. Na juu ya bahasha, kwa mwandiko wake, mbaya kuliko wangu siku zote: "Mpiga picha: mke wangu."

Na dawa ya kamera, ukitaka kujua, ni hii. Ukifika picha ya tatu, unaigeuza miguu juu, unavuta, unairudisha. Basi. Amekuwa akijua dawa hiyo miaka yote, na mimi nilichojua ni sauti ya kamera tu, kupitia ukuta. Mjukuu akaigeuza, akavuta. Cha-klak. Akageuza, akavuta, akapiga mkanda mzima pale pale: Mzee akicheka, mimi nikiwa nimeshindwa kuinuka. Ameuosha, unaning'inia kwenye kamba bafuni sasa hivi, na mimi nimekatazwa kuugusa. Shangazi wa vigae ameambiwa atafute mtu mwingine. Jumamosi wakunga watapangwa mistari miwili, na kila baada ya picha ya pili watamwona mpiga picha wao anaigeuza kamera kichwa chini. Nimemshauri aseme ndio utaalamu wenyewe.

Kwa hiyo, Mheshimiwa, nasahihisha. Lalamiko la tano ulichane. Mkweli Daima mpe nyota tano zote, na umwambie bibi mmoja anamwomba radhi. Jina lake ni la kweli, nilikuwa sijazoea. Lile la kwanza na la pili yaache, kidole kile bado nakitaka. Ombi la (e) nalishikilia, kwa kuwa mtu habadilishi hukumu kwa sababu mshtakiwa ni yeye. Nilimpigia Marehemu ili baraza likae haraka. Amesikiliza kesi akiwa anatafuna, akanihukumu kabla sijamaliza kueleza, na amesema atakuja mwenyewe Jumamosi kuhakikisha. Kitu kimoja tu nakuomba uniombee kwake: pale nilipoandika "asimame, asikae", pafutwe. Kigoda kidogo kinatosha. Nitasema maneno yote, kwa sauti, kwa kila mkunga.

Na kwenye ombi la (b), ongeza kwamba mabibi nao wawe na wadhamini. Nimeona tunahitaji. Wangu yupo dirishani hapa, ananiuliza mwanga umefika wapi. Uso wake kwenye picha niliyompiga haumo, lakini ukitaka picha ya mdhamini chini ya tangazo, miguu tunayo.